Ampende

Somo hakuwapenda wanawake wanaolia. Nasema wanawake, si watoto. Mtoto akilia alimbeba mgongoni mpaka anyamaze, hata kama mama yake yuko hapo hapo amekaa. Lakini mwanamke mzima akitoa chozi mbele yake, alimtazama kama mtu aliyemwaga maji machafu mlangoni. "Umemaliza?" ndilo lilikuwa swali lake. Kama hujamaliza alikuacha ukumbini na kamasi zako, akaingia jikoni kukuna nazi, nawe ukamsikia akiimba.

Hapa kwetu Msambweni, somo ni yule mwanamke anayemfunda msichana kabla ya kuolewa: namna ya kuoga na kujifukiza udi, namna ya kukaa na mume, kukaa na mama mkwe, kunyamaza. Kila mtaa una wake. Lakini ukisema Somo bila kuongeza jina, kuanzia Gazi mpaka Vanga watu walijua unamsema nani. Jina lake la kuzaliwa nalijua na sitaliandika, maana hata mumewe alikuwa akimwita Somo, na sasa amekufa halina wa kulitumia.

Mimi kazi yangu ni kuchora hina. Ndiyo maana nilimjua kuliko walivyomjua majirani zake. Miaka mingi tulikutana katika vyumba vya maarusi, mlango umefungwa, feni inazunguka, yeye ameshika sikio la bi harusi na mimi nimeshika mguu. Nisiyoyasikia kutoka kwake hayapo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, meno mekundu kwa tambuu, kanga zake zimepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata, na ukucha wa kidole cha mwisho ameuacha mrefu kwa kuchotea wanja. Akiingia chumbani, mashangazi waliokuwa wakipiga kelele walikaa chini wenyewe.

Alipiga. Lazima niliseme hilo mapema, kwa sababu siku hizi watu wakishakufa husafishwa. Kuna bi harusi mmoja wa Tiwi, msichana mweupe wa uso, mwenye haya, alimwambia, "Somo, naogopa." Somo akamzaba kofi. Halikuwa kubwa, lakini chumba kizima kililisikia. "Haya," akamwambia, "ushapigwa. Likija jingine utakuwa unalijua." Mama wa msichana alicheka, mashangazi wakacheka, na bi harusi mwenyewe, shavu limewaka, akacheka pia. Mimi nilikuwa na kazi ya kufuta hina iliyochafuka alipogutuka.

Lakini huyo huyo aliwahi kuvunja harusi. Bwana harusi alikuja kuchungulia dirishani akamwona Somo, akamwita "wewe kikongwe". Somo alitoka nje, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akarudi ndani kumwambia baba wa binti, "Huyu hana mama." Baba akasema mama yake yupo, yuko Ukunda. "Basi hana alichojifunza kwake," Somo akasema, akafunga kifurushi chake akaenda zake. Bila Somo hakuna harusi. Bwana harusi alikuja kumpigia magoti, naye akamwacha hapo kwenye jua mpaka adhana ya adhuhuri, kisha akamwambia hapana.

Sasa nifike kwa Mwenyewe, maana kufunda maarusi kulikuwa nusu tu ya kazi ya Somo.

Ukitoka mjini ukapita mashamba ya mikorosho, ukashuka kwenye mikoko, kuna miamba iliyochimbwa na bahari, na ndani ya miamba kuna pango. Humo anakaa Mwenyewe. Wazee walikuwa na jina lake, ama limepotea ama limefichwa, sisi tunasema Mwenyewe na inatosha. Mapenzi yote ya pwani hii, ya halali na ya haramu, yanatoka kwake kama maji yanavyotoka kisimani. Somo alikuwa mkali ukichanganya mambo hapo. Ukisema jini, anakukatiza: jini hufugwa. Ukisema pepo, anakukatiza: pepo humpanda mtu kichwani akataka pete na ubani, akapungwa akatoka. Mwenyewe hafugwi, hampandi mtu, na hatoki. Yupo tu. Somo alidai alimwona mara moja, alipokuwa bado kijana. Nilimuuliza yukoje. "Amekaa kitako, amepambwa kiarusi," akasema, "na uso wake si wa mtu anayemwonea mwingine haya."

Vijana wanaopeleka watalii Funzi kwa mashua wana hadithi yao. Wanawaambia wazungu kwamba ni bi harusi aliyeachwa siku ya ndoa, akaingia pangoni akalia mpaka akafa. Wazungu wanasikitika na kupiga picha. Somo aliposikia alitema tambuu. "Kaachwa na nani? Yeye ndiye aliyewaacha. Kawaacha watu wote."

Ibada yenyewe ilikuwa hivi. Unakwenda maji yakiwa yametoka, asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Unavua viatu na dhahabu. Unachukua marashi, ubani, asumini, na kipande cha kanga ya kisutu, ile ya maarusi, kikafungwe kwenye mizizi inayoning'inia ndani. Ukifika mlangoni unasimama ukiwapa mgongo Somo na pango, unatazama mikoko. Huingii, na husemi kitu, maana Mwenyewe hamsikilizi anayejililia. Lazima usemewe. Somo anaingia na chetezo chake kinachofuka moshi, anamwaga marashi juu ya jiwe, popo wanahangaika, anakutaja wewe kwa jina la mama yako, anamtaja bwana kwa jina la mama yake. Kisha anasema neno moja, kwa sauti kavu, kama mtu anayepigilia msumari.

"Ampende."

Basi. Anatoka, hakuangalii, mnarudi kila mtu na njia yake.

Wanawake wengine walitaka zaidi ya hapo. Mmoja wa Diani, mke wa mtu mwenye maduka, alimshika Somo kanga pale mlangoni pa pango akamsihi amwambie Mwenyewe amhurumie. Somo akamwelekeza kwa kidole. "Huruma iko msikitini, mamangu. Rudi mpaka barabarani, kata kushoto." Na hilo hakulisema kwa dhihaka. Yeye mwenyewe alisali sala zake tano na kufunga Ramadhani na zile Sita za Shawali, na mwezi mtukufu hakukanyaga pangoni. Aliamini kabisa kwamba Mungu ana huruma na Mwenyewe hana, kwamba hiyo ni kazi iliyogawanywa. Khatibu wetu alimpiga vijembe Ijumaa moja, wanawake wanaoabudu mawe na kadhalika, Somo yuko upande wa wanawake anasikiliza ametulia. Tulipotoka akaniambia, "Kasema kweli tupu. Hata mkewe alivyokuja juzi nilimwambia hivyo hivyo."

Na kama ulikuwa na shaka na pango, ulionyeshwa mume wake. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi. Alikuwa mshonaji wa kofia, zile za kutoboa kwa sindano, anakaa barazani na kofia gotini na macho kwa mkewe. Hakuoa mke wa pili, hakuwahi hata kutajwa na mwanamke mwingine. Somo akienda kufunda Lunga Lunga, mume alipanda gari akamfuata, akakaa nje ya nyumba ya harusi juu ya jiwe mpaka amalize. Jua likiwa kali alimshikia mwavuli. Mama yake Somo alipofariki Vanga, mume alishtuka mpaka akaanguka, akalala siku nzima hajiwezi, ikabidi Somo abaki kumpepea, na mazishi yakampita. Wanawake walisimulia jambo hilo kwa kutamani. Jamani, kupendwa huko! Mama yangu alikuwa akilisema kila alipogombana na baba.

Alipokufa huyo mume, Somo hakulia, lakini hilo hatukulishangaa. Tulichoshangaa ni siku alipotoka eda. Aliniita asubuhi, akanyoosha mikono yote miwili na miguu, akasema, "Nichore." Nikamuuliza maua ya namna gani. "Ya arusi. Mpaka magotini." Nilichora, nikaweka na piko nyeusi pembeni, na jioni yake alitembea sokoni taratibu, kila mtu amwone. Wengine walisema amepata mchumba. Wengine wakasema kafiwa na akili. Hapakuwa na mchumba.

Ndugu yangu mkubwa anaitwa Mejumaa. Ni yeye aliyenifanya nimtazame Somo kwa jicho jingine, na ni kwa ajili yake ninaandika haya.

Mejumaa alikuwa mcheshi. Niwaambie alivyokuwa, maana mkimwona leo hamtasadiki. Aliolewa na Bakari, kijana wa Lunga Lunga anayehangaika na karatasi za malori pale mpakani, na tangu fungate alikuwa akimfanyia mzaha. Alikuwa akiigiza anavyotembea, kifua mbele kama jogoo. Alikuwa akiigiza anavyokoroma. Bakari mwenyewe akikasirika ndipo Mejumaa anazidi, mpaka sisi tunashika mbavu. Hakumpenda sana, wala hakumchukia. Alikuwa mume, yuko, basi. Kisha zikaja habari kwamba Bakari ana mwanamke nyuma ya kituo cha mafuta, na mama yetu akaona aibu. Si Mejumaa aliyeona aibu, ni mama. Akasema, twende kwa Somo, huyu mwanamume atulizwe.

Nilikwenda nao. Nilibeba marashi. Nilisimama kando ya dada yangu tukiitazama mikoko, akanibana ubavuni akaninong'oneza, "Na kama Mwenyewe atampenda yeye Bakari? Atajuta, kwa kukoroma kule." Tukaziba midomo kwa kanga. Nyuma yetu Somo akataja jina la dada na la mama yetu, akamtaja Bakari na mama yake. "Ampende."

Mwezi haukuisha Mejumaa akaacha kucheka. Nilimtembelea nikamkuta anapiga pasi mashati ya Bakari na machozi yanamdondoka juu ya kola, nikamuuliza nini, akasema hakuna kitu, ni vile shati lina harufu yake. Nikadhani ni mimba. Haikuwa mimba. Akaanza kungoja. Alikaa mlangoni kungoja, alipika akangoja, alilala na nguo za kutokea ili akirudi amkute amevaa. Bakari kwa upande wake alizidi kuwa Bakari. Lakini mama alifurahi, majirani wakafurahi, wakasema pango limejibu, nyumba imetulia. Kweli ilitulia. Aliyekuwa akipiga kelele ndani yake alikuwa Mejumaa.

Bakari alipomwoa yule wa kituo cha mafuta, Mejumaa ndiye aliyekuja kunichukua nikamchore. Naapa. Alisimama uani kwangu na kunibembeleza: "Mdogo wangu, mchore vizuri, apendeze, Bakari afurahi." Nilikwenda kwa sababu yeye ndiye aliyeniomba, na nilimchorea yule mwanamke maua mabaya kuliko yote niliyowahi kuchora, yale majani ya kwanza anayojifunza mtoto. Mejumaa alikuwa jikoni anapepeta mchele wa pilau ya harusi ya mumewe.

Kisha likaja jino lililong'oka. Kisha yakaja madoa ya shingoni aliyosema ni upele. Nilimwambia arudi nyumbani, kaka zetu wakamwambia, kadhi akamwambia ana haki. Alitusikiliza kwa adabu kama watu wanaoeleza njia ya kwenda mji asioutaka.

Mimi sikuunganisha mambo hayo na pango. Aliyeniunganishia ni msichana wa bara, mpokeaji wageni katika hoteli moja ya Diani, niliyekuwa nikimchora kwa harusi ya rafiki yake. Alikuwa na maneno mengi. Akaniambia alishawahi kupelekwa kwa mama fulani wa pangoni huko Msambweni, na boyi wake alikuwa anamzungusha. "Wacha nikwambie, huyo mama ni mnoma. Kwanza nimefika nikamwambia 'niaje', akaniambia nirudi nyuma nianze tena. Nikasema shikamoo. Sasa ameingia, ametaja majina, akasema 'ampende'. Mi nikageuka nikamuuliza, sori mama, ampende nani? Mimi nimpende huyo jamaa ama yeye ndio anipende?" Akacheka. "Alinitupia kifuniko cha ile kitu ya moshi. Kimenipata hapa. Akaniambia nitoke na nisirudi."

Mkono wangu ulisimama. Hina ikadondoka tone kubwa juu ya kifundo cha mguu wake.

Ampende. Nimezaliwa na neno hilo mdomoni, mama yangu kazaliwa nalo, na sote tulilipita kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake. Mwanamke anakwenda pangoni akitaka mume ampende, anasikia "ampende", anarudi ameridhika. Ilibidi aje mtoto wa watu, Kiswahili chake cha kuunga unga, ndiye aulize lile swali. Nani? Nani ampende nani? Nikaanza kuwahesabu kichwani wanawake wote niliowajua waliosemewa. Yule wa Diani, aliyekuja kuuza mpaka vitanda ili mume asiondoke. Yule mke wa khatibu. Binti wa jirani yetu aliyekunywa dawa ya panya. Sikumpata mwanamume hata mmoja aliyebadilika, na sikumpata mwanamke aliyebaki vile alivyokuwa.

Sikwenda kumuuliza. Kila nilipokutana naye kwenye vyumba vya maarusi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, na nikainama kwenye mguu. Mtu hamwendei Somo na swali tupu. Nilimwendea siku nilipokuwa na jambo.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, baada ya Idi. Mejumaa aliletwa kwangu na plasta mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Bakari aliuvunja kwa mlango. Alikaa kwangu mpaka uvimbe ukaisha, na kila siku alikuwa akiuliza kama simu yake ina chaji. Nikaona akirudi safari hii ataletwa kwenye jeneza. Nikamdanganya kwamba Somo mgonjwa, twende tukamtazame. Haukuwa uongo, kwa kweli. Alikuwa mgonjwa wa kitandani tayari, na mvua zilizofuata hakuziona.

Tulimkuta kwenye kitanda cha kamba, macho yamefanya ukungu, lakini kanga imepigwa pasi. Mejumaa akambusu mkono, akachukua kipepeo cha ukindu kwa mkono wake mzima akaanza kumpepea. Sikungoja hata chai.

"Somo," nikamwambia, "nimekuja kwa lile neno."

"Lipi?"

"Ampende."

Akageuza uso upande wangu. "Kakwambia yule wa bara."

"Nani anampenda nani, Somo?"

"Sasa ndo mwauliza," akasema. "Miaka yote hiyo." Wala hakuona haya. "Mwenyewe anasikia 'ampende', anatazama aliyeko. Aliyeko ni nani? Bwana yuko zake Lunga Lunga anakula pilau. Aliyeko ni yule aliyekuja kwa miguu yake."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla hujazaliwa."

Nilitaka kumpiga. Mwanamke mgonjwa, kitandani, na mimi nilitaka kumpiga. Nikamuuliza kwa nini hakusema neno kamili, fulani ampende fulani, kuna shida gani kuongeza majina mawili.

"Mimi nilisemewa kamili," akasema. "Somo wangu alinipenda sana. Kaingia kasema, yule bwana ampende huyu binti. Hakuacha kitu. Na yule bwana akapenda." Akavuta pumzi. "Nyinyi mlimwona na mwavuli. Mimi nilikwenda chooni namkuta kasimama mlangoni ananingoja. Nikilala ameamka ananitazama. Mamangu kazikwa Vanga mimi niko hapa nampepea, na kila nikisita kupepea anafumbua jicho moja kuona kama nipo. Hana ugonjwa wowote. Umewahi kupendwa na mtu usiyemtaka, kila siku iliyoletwa na Mungu, mpaka afe yeye?"

Nikamtazama Mejumaa; alikuwa bado anapepea.

"Basi nyinyi nikawapa kilicho bora. Anayependa, akiamka asubuhi ana la kufanya. Anayependwa hana ila kungoja mtu afe." Akacheka kidogo, meno yale mekundu. "Hiyo ndo sababu nzuri. Mbaya ni kwamba nilikuwa na wivu nanyi. Nilitaka kuona mtu anayependa yukoje. Mimi sijapata."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwambia hajawahi kufika Nairobi. Nilimchukia siku ile, na nilimwonea huruma, na chuki ndiyo iliyokuwa nyingi. Nikamwambia alitengue. Nikamwambia huyu hapa, mkono wake umevunjwa, mtengulie leo.

"Neno lipo," akasema. "Asimpende. Siwezi tena kufika pangoni, lakini Mwenyewe ananijua sauti. Nitalisema hapa hapa."

Upepo wa kipepeo ukakoma. Mejumaa alikuwa amesikiliza yote, na uso wake haukuwa na hasira hata chembe. "Litamwangukia nani, Somo?" akauliza.

"Aliye karibu."

"Una yakini?"

"Mwanangu, Mwenyewe si karani. Hana yakini mtu."

"Basi usiseme."

"Dada!" Nilisimama. "Kakuvunja mkono!"

"Na likimfuata yeye?" Mejumaa akasema. "Hicho kidogo alicho nacho juu yangu kikatoka?"

Nikamwambia hana. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika njiani kwamba Bakari hana kidogo wala kikubwa, hana cha kunyang'anywa.

"Hujui wewe," akanijibu kwa upole, kama ananionea mimi huruma. "Aliponipeleka hospitali alinishikia mkoba. Tangu tunaingia mpaka tunatoka. Watu wote walimwona." Akamgeukia Somo, akapiga goti kando ya kitanda. "Somo, nisemee lile la kwanza. Lakini kamili, kama walivyokusemea wewe. Anipende yeye."

"Umesikia nilivyosimulia?"

"Nimesikia. Anisubiri mlangoni mwa choo. Anifungie ndani. Nitashukuru."

Somo alimpapasa uso, mashavu, kipaji, pale jino lilipokosekana. Alichukua muda. Nilidhani anatafuta namna ya kumkatalia, na sijui mpaka leo alikuwa akitafuta nini. Kisha akaweka mkono kichwani pa dada yangu, akataja jina lake na la mama yetu, marehemu. Akamtaja Bakari na mama yake. Mejumaa alikuwa amefumba macho kwa nguvu.

"Ampende," Somo akasema, na hakuongeza kitu.

Mejumaa hakusikia kwamba limekuja fupi. Alimbusu mkono mara nyingi, akanyanyuka, akamfunika miguu. Mimi sikuaga.

Tulikuwa ukumbini tunatafuta viatu simu yake ilipolia. Aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akaibana kwa bega ili ashike ukuta kwa mkono mzima. Sauti ya Bakari niliisikia nilipokuwa nimeinama. Alikuwa anauliza pasi imewekwa wapi.

"Chini ya kabati, mume wangu, nyuma ya ndoo. Waya nimeufunga na kitambaa. Umeiona? Sogeza ndoo. Umeiona?"

Bakari akakata. Mejumaa akabaki ameishika simu kifuani, juu ya plasta, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mikoko nilimwona dada yangu anacheka.

"Umeona?" akaniambia. "Hata mlangoni hatujatoka. Kanitafuta mwenyewe."

Akaniomba nimsimamishie bodaboda.